Deni Hufuata Gari: Ushauri kwa Wenye Magari wa Dodoma

Wako wengi hapa Dodoma wanaoendesha magari yenye madeni wasiyoyajua. Gari safi, bima hai, matairi mapya, lakini ingiza namba yake kwenye mfumo wa Polisi wa faini za barabarani uone: kosa moja Kibaigwa, jingine Manyoni, la tatu kwenye mji ambao mwenye gari anaapa hajaukanyaga mwaka mzima. Na anaapa kweli. Aliyeukanyaga ni shemeji yake, aliyeazima gari kwenda msibani, akapigwa tochi, akapewa karatasi, akaikunja mfukoni, kisha akarudisha gari limeoshwa na shukrani nyingi.

Ushauri huu ni kwa mwenye gari huyo, na kwa shemeji yake pia. Tumezoea trafiki wa kusimama naye pembeni, kumwamkia, kumweleza na hata kumbembeleza. Huyo bado yupo. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake imeshahamia kwenye mashine: kamera inayopiga picha, kompyuta inayotunza kumbukumbu, simu inayopokea malipo. Mashine haijui kama ulikuwa unawahi hospitali au harusini. Inachokijua ni namba iliyobandikwa mbele na nyuma ya gari, na deni huliandika hapo hapo. Kwenye miji mingi duniani kamera zimefungwa hadi kwenye nguzo za taa, na anayepita nyekundu hupata habari zake akiwa ameshafika nyumbani. Nionavyo mimi, huko ndiko tunakoelekea sote, na ni afadhali tujipange kabla ya kufika.

Tuanze na tochi, kwa kuwa ndiyo kamera tunayoijua vizuri zaidi kwenye barabara za nyanda hizi. Askari huielekeza kwenye gari likiwa bado mbali, nayo hupima mwendo. Zile za kisasa hupiga na picha yenye namba ya gari, mwendo na saa. Picha hurushwa kwa askari wa mbele, ambaye ndiye atakayekusimamisha na kukuonyesha kwenye simu. Ndiyo maana dereva anayekanyaga breki baada ya kumwona mtu mwenye sare nyeupe amechelewa. Picha imeshapigwa kitambo.

Sheria yenyewe si ngeni. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma. Inasema kwenye maeneo ya makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa kwa kila chombo. Nje ya makazi, mabasi na magari ya biashara yenye uzito unaozidi kilo 3,500 hayatakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Tatizo letu ni vijiji. Ukitoka Dodoma kwenda Morogoro unapita Chalinze, Mbande, Kibaigwa, Pandambili, Gairo, na kila kimoja kina kibao chake cha 50. Kibaigwa kuna soko kubwa la mahindi, malori yameegeshwa pande zote mbili, na mtu anaweza kuchomoza katikati ya malori mawili akiwa na gunia kichwani, hakuoni na humwoni.

Kibao cha 50 kinaanza kazi pale kiliposimama. Madereva wengi hukichukulia kama tangazo la kijiji kinachokuja, wakaanza kupunguza mwendo wanapoona nyumba ya kwanza. Tochi inakaa katikati ya kibao na nyumba hiyo. Ukikiona kwa mbali, ondoa mguu kwenye mafuta mapema ili ukifika usawa wake uwe tayari kwenye 50. Vivyo hivyo wakati wa kutoka: usiongeze mwendo kwa sababu nyumba zimekwisha, ongeza ukishapita kibao cha kumaliza 50. Na kama kibao hakipo, kwa kuwa kimegongwa au kimeng'olewa na wauza vyuma chakavu, simama mahali salama upige picha ya sehemu hiyo siku hiyo hiyo. Picha hiyo itazungumza vizuri zaidi kuliko wewe.

Wapo watakaosema kwenda 50 kwenye kila kijiji ni kupoteza siku. Tupige hesabu. Tuseme kati ya Dodoma na Morogoro vijiji vyote kwa pamoja vinakula kilomita 40 za barabara. Ukizipita kwa mwendo wa 80 utatumia dakika 30. Ukizipita kwa 50 utatumia dakika 48. Ulichookoa ni dakika 18, muda wa kunywa chai moja na chapati Gairo. Faini ya papo kwa papo kwa gari ni shilingi 30,000 kwa kosa, na nauli ya SGR daraja la kawaida kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ilipoanza mwaka 2024 ilipangwa shilingi 31,000. Dereva aliyepigwa tochi mara mbili njiani amelipa karibu nauli ya treni ya mtu mmoja na mwenzake, halafu yeye mwenyewe bado anaendesha. Bodaboda na bajaji walipunguziwa hadi shilingi 10,000 kwa kosa katika bajeti ya mwaka 2021/22, lakini kwa kijana anayesaka hesabu ya siku, 10,000 si hela ya kuchezea.

Niseme neno kuhusu ule utaratibu wetu wa kuwashiana taa. Ukikutana na gari linakumulika mara mbili mchana kweupe, unajua kuna tochi mbele. Unapunguza, unapita kwa adabu, unamshukuru Mungu na dereva mwenzako, kisha unakanyaga tena. Ni undugu mzuri, sikatai. Ila sijawahi kuona tukimulikiana kwa sababu watoto wa shule ya msingi wanavuka barabara. Siku tutakapofanya hivyo nitaamini kwamba tunapendana.

Sasa tuingie mjini. Mpango mkuu wa Dodoma uliotengenezwa mwaka 1976 na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, uliwaza mji wa watu wanaotembea kwa miguu, wanaoendesha baiskeli na wanaopanda mabasi. Haukuwaza foleni ya magari ya serikali asubuhi kuelekea Mtumba. Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kishindo mwaka 2016, na mji kupewa hadhi ya jiji Aprili 26, 2018, magari yalikuja na wenyewe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179 ndani ya jiji. Barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilomita 112.3, inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, imekusudiwa kuyaondoa malori katikati ya mji, lakini mtu wa Nkuhungu anayefanya kazi Makole ataendelea kupambana na makutano kila asubuhi. Kipilefti tulizozizoea zilikuwa za kupishana kwa macho na kwa huruma. Taa haina huruma, na madereva wengi hawajajifunza kuisoma, hasa ile ya njano.

Njano hairuhusu kuongeza mwendo. Inamtaka asimame kila anayeweza kusimama kwa usalama, na inamruhusu kumalizia yule tu ambaye ameshaukaribia mstari kiasi kwamba breki ya ghafla ingeleta balaa. Utajuaje uko upande gani? Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari hula karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja inapotea kabla mguu haujafika kwenye breki. Ukifunga breki kwa utulivu, bila kumrusha abiria, utahitaji mita nyingine 30 na kitu. Jumla ni kama mita 45. Njano ya sekunde tatu inakupa mita 42 za kusafiri. Maana yake ni kwamba kwa mwendo halali wa mjini hesabu zinakaribia kulingana: aliye mbali asimame, aliye karibu amalizie.

Ongeza mwendo hadi 70 uone hesabu inavyoharibika. Kusimama kwa utulivu sasa kunataka zaidi ya mita 80, na katika sekunde tatu unasafiri mita 58 tu. Hapo katikati pana zaidi ya mita 20 za barabara ambazo dereva hawezi kusimama vizuri na hawezi kupita kwa haki. Atafunga breki tairi zilie, au atapita nyekundu. Wanaonaswa na kamera za taa si wahuni wanaoidharau nyekundu tu. Wamo pia waliokuwa kwenye zile mita 20 kwa sababu walikuja na mwendo mkubwa. Kwa hiyo ukitaka usije ukagombana na kamera ya taa maisha yako yote, fika kwenye makutano ukiwa kwenye 50 au chini yake. Hilo moja linatosha kuliko ujanja mwingine wowote.

Hesabu hizo ni za lami kavu. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, na miezi mingi kabla yake vumbi jekundu linatua juu ya lami siku hadi siku. Mvua za kwanza za Desemba zikigusa vumbi hilo, barabara inakuwa tope jembamba usiloliona kwa macho. Wiki hizo mbili tatu za mwanzo ndizo mbaya kuliko mvua kubwa ya Februari, ambayo imeshaiosha lami. Wakati huo shuka hadi 40 unapoikaribia taa, na mwachie aliye mbele yako nafasi mara mbili ya kawaida.

Na kabla hujafunga breki kwa sababu ya njano, tupa jicho kwenye kioo. Kuna daladala imekugandia nyuma? Mji wa Chicago, Marekani, ulianza kufunga kamera za taa mwaka 2003 na ukawa na mojawapo ya mitandao mikubwa zaidi nchini humo. Gazeti la Chicago Tribune lilipoagiza utafiti mwaka 2014, watafiti walikuta ajali za kugongana ubavuni zenye majeruhi zimepungua kwa asilimia 15, lakini za kugongwa kwa nyuma zenye majeruhi zimepanda kwa asilimia 22. Watu waliogopa kamera wakawa wanasimama ghafla, na aliye nyuma anaingia. Ajali ya ubavuni huua zaidi, kwa hiyo si hasara tupu, lakini ni onyo: anayesimama kwa hofu naye ni hatari. Simama kwa kujiandaa, na anayekufuata apate sekunde moja ya kuona taa zako za breki.

Kuna mambo madogo ya makutano ambayo nitayapitia haraka. Simama nyuma ya mstari mweupe, usisimame juu ya pundamilia, maana kamera nyingi za taa huhesabu kosa kuanzia tairi la mbele linapovuka mstari. Dereva wa bodaboda, ile tabia ya kujipenyeza hadi mbele ya magari yote na kusimama katikati ya makutano ukisubiri kijani inakuweka mahali pabaya kuliko wote: wewe ndiye wa kwanza kukutana na yule aliyekuja na 70 upande wa pili. Kijani ikiwaka, hesabu moja, tazama kulia na kushoto, ndipo uondoke. Askari akiwa amesimama katikati anaongoza magari, ishara ya mkono wake inaishinda taa. Huu ni mji wa misafara ya viongozi, na mara nyingi utaambiwa pita wakati taa inasema simama, au simama wakati inasema pita. Mtii askari, kisha kumbuka saa na mahali. Siku kamera zitakapokuja, hilo litakuwa utetezi wako.

Sasa nirudi kwa mwenye gari, kwa kuwa yeye ndiye anayebeba mzigo na yeye ndiye asiyeshauriwa.

Jenga mazoea ya kuangalia deni la gari lako mwanzo wa kila mwezi, kama unavyoangalia umeme umebaki yuniti ngapi. Mfumo wa Polisi unafunguka hata kwenye simu ya kawaida yenye intaneti. Unaingiza namba ya gari au ya leseni, unaona kosa, tarehe, mahali na kiasi. Faini inayocheleweshwa huongezeka, kwa hiyo kutoijua si kinga. Ukikuta kosa, kwanza tafuta nani alikuwa na gari siku hiyo. Hapa ndipo daftari dogo ndani ya gari linapokuwa na thamani: tarehe, jina la anayeendesha, anakokwenda, saa ya kutoka na kurudi. Ofisi za serikali zinafanya hivyo kwa magari yao kila siku. Nyumbani tunaona ni kujishaua, halafu tunagombana na ndugu.

Kuazimana gari hatutaacha, na sitegemei tuache. Ila sema mapema, kwa upole, mbele ya mtu wa tatu ikiwezekana: "Gari hili hapa shemeji, mafuta yako, na kosa la barabarani lako." Akirudi, angalia mfumo siku hiyo na baada ya wiki moja. Mwenye bodaboda au bajaji aliyompa kijana kwa mkataba aandike kifungu hicho kwenye mkataba wenyewe. Wengi huandika hesabu ya kila siku na muda wa kumiliki pikipiki, wakaacha faini hewani. Kijana anamaliza mkataba akijua pikipiki ni yake, kumbe ina madeni ya miaka miwili, na hakuna anayekumbuka nani alikuwa amebeba nini siku ile.

Kwenye kununua gari lililotumika, uangalifu uongezeke mara mbili. Fundi atakagua injini, wewe kagua namba. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo mbele ya muuzaji, madeni yote yalipwe kabla hujatoa hela ya mwisho, na mbadili umiliki TRA mara moja. Hili la umiliki linamlinda muuzaji kuliko anavyodhani. Ukiuza gari likabaki kwa jina lako, kila picha itakayopigwa kuanzia siku hiyo inakuja kwako. Nimewasikia watu wazima wakijisifu kwamba waliuza gari "kwa kadi tu". Walichouza ni gari, na madeni wakabaki nayo.

Ukisimamishwa, heshima kwanza. Mwamkie askari, zima muziki, toa leseni. Kisha omba kuonyeshwa picha, na uitazame kweli: namba ni ya gari lako? Herufi moja ikisomwa vibaya deni ni la mtu mwingine. Mwendo ulioandikwa ni ngapi, mahali ni wapi, saa ni ngapi? Kama ni kweli, kubali, pokea karatasi, lipa kwa njia ya serikali, endelea na safari. Kama si kweli, sheria haikulazimishi kukiri papo hapo. Faini ya papo kwa papo ni kwa anayekubali kosa, na anayelikana ana haki ya kwenda kusikilizwa mahakamani. Sema hivyo kwa sauti ya kawaida, bila kutaja mjomba wako wa wizarani. Dodoma kila mtu ana mjomba wa wizarani.

Malipo ya serikali yana namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12, na hulipwa benki, kwa wakala au kwa simu. Hakuna faini halali inayotumwa kwenye namba ya simu ya mtu. Ukipata ujumbe kwamba gari lako limepigwa picha na ulipe haraka kwa namba fulani ili "lisifungiwe", huo ni utapeli, na utazidi kadiri kamera zitakavyozidi. Ingia mwenyewe kwenye mfumo uhakikishe. Na yule anayekuambia tumalizane hapa hapa kwa nusu, kumbuka kwamba ukimpa utakuwa na makosa mawili badala ya moja, na la pili ni la TAKUKURU.

Abiria nao wasisahaulike. Mabasi ya mikoani yamefungiwa vifaa vya kufuatilia mwendo vinavyosomwa na LATRA, na dereva hutakiwa kujitambulisha kwa kitufe chake kabla ya kuondoka. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, kifaa hicho kimekuwa jicho pekee saa ambazo wewe umelala. Ukiona dereva anakimbia, mwambie konda. Asiposikia, piga simu ya bure ya LATRA iliyobandikwa ndani ya basi. Unalipia nauli, una haki ya kufika.

Limebaki swali la kamera za taa zenyewe: tuzikaribishe au tuzipinge? Mimi ni wa kuzikaribisha, kwa masharti, na masharti hayo inafaa tuyaseme kwenye vikao vya mtaa na kwa madiwani kabla mkandarasi hajachimba shimo la kwanza. Kwa taarifa yako, aliyeanzisha biashara hii alikuwa dereva wa mbio. Maurits Gatsonides wa Uholanzi, mshindi wa mbio za Monte Carlo za mwaka 1953, alitengeneza kifaa cha kupima mwendo ili ajue namna ya kupita kona kwa kasi zaidi. Baadaye polisi wakakipenda kuliko yeye. Tangu mwanzo kifaa hiki hutumikia nia ya aliyekishika, na nia ikiwa ni kukusanya hela, kitakusanya hela.

Tazama Chicago tena. Njano ya mji ule ilitakiwa kuwa sekunde tatu. Mwaka 2014 mkaguzi wa mji alibaini kuwa tiketi takriban 77,000 zilitolewa mahali ambapo njano ilisomeka sekunde 2.9, pungufu kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde tu, lakini kwa dola 100 kila tiketi ni dola milioni 7.7. Ofisa wa mji aliyesimamia mradi, John Bills, alihukumiwa mwaka 2016 kifungo cha miaka 10 kwa kupokea rushwa ya kampuni iliyouza kamera, Redflex. Dubai hawana utani: kupita nyekundu kwa gari dogo ni dirham 1,000, alama nyeusi 12 na gari kuzuiwa siku 30. Lakini barabara zao zimechorwa, taa zao hazizimiki, na dereva anajua kamera iko wapi.

Jirani zetu wametufundisha zaidi. Kampala waliwasha mfumo wao wa faini za kamera Juni 2025, wa mwendo na wa taa nyekundu, faini zikiwa shilingi za Uganda 200,000, na 600,000 kwa anayezidisha mno. Watu walijikuta na faini juu ya faini kabla hawajaelewa vibao vipya vinasemaje, kelele zikapanda, na ndani ya siku chache Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, Jenerali Katumba Wamala, akatangaza kuusimamisha ili upitiwe upya. Nchini Rwanda, ambako kamera za mwendo zimepewa jina la utani Sofia, malalamiko yalimfikia Rais Paul Kagame kwenye Twitter mwaka 2021, naye akakubaliana na waliosema viwango vya mwendo vilikuwa vya chini mno. Kamera zilibaki, viwango vikaangaliwa upya. Huo ndio mwenendo ninaoutaka kwetu: chombo kibaki, masharti yasikilizwe.

Masharti yangu ni haya. Njano isipungue sekunde tatu, na kwenye barabara kuu za kuingia mjini, ambako magari huja kwa kasi, iongezwe. Kibao kikubwa kitangaze kamera kabla hujaifikia. Miezi ya mwanzo itoe onyo bila faini. Karatasi ya kosa ije na picha, na njia ya kukata rufaa iwe ya Kiswahili chepesi, isiyomlazimu mkulima wa Bahi kulala mjini siku mbili. Mkataba wa mkandarasi usimlipe kwa idadi ya watu aliowanasa. Na umeme ukikatika, kamera nayo inyamaze.

Hayo ni ya kesho, na yanahitaji sauti za wengi. La leo liko mikononi mwako: chukua simu, ingiza namba ya gari lako kwenye mfumo wa Polisi, kisha mpigie shemeji.